Meneja Baada ya Kuhasiwa

Nilikuwa nimeshafunga kamba za buti, begi liko begani, mguu mmoja uko nje ya mlango na roho yote imeshafika barabara kuu, mdogo wangu aliponipachika kikapu mkononi. Kikapu kilifunikwa kwa kipande cha bitana na kufungwa kwa uzi. Ndani yake kulikuwa na mtu ananitukana.

"Kwa kuwa unaondoka," akasema, "pitia kwa daktari wa mifugo umwachie huyu. Ni njia yako hiyohiyo."

"Njia yangu ni barabara kuu. Daktari wa mifugo yuko nyuma ya soko."

"Kaka, wewe tangu lini ukawa na njia?"

Hapo alinipata. Mimi darasa la kwanza nilisomea mji mmoja, la tatu mji mwingine, la pili sijawahi kuliona kwa macho. Nimekuwa utingo wa malori, nimepika kwenye kambi za wajenga barabara, nimeandika mabango ya maduka nikakosea herufi na kuhama kabla rangi haijakauka. Kila nikichoka huja kwa mdogo wangu, nikala, nikalala, nikashonewa vifungo vilivyokatika, halafu miguu ikaanza kuwasha. Safari ile iliwasha kwelikweli. Rafiki yangu mmoja aliniahidi kazi ya kulinda nyumba ya wageni mji wa mbali, na lori la kunipeleka lilikuwa linapakia vitunguu.

Aliyekuwa kikapuni ni paka, aliitwa Meneja. Mdogo wangu ni fundi cherehani, na karakana yake ndiyo chumba cha mbele cha nyumba. Alimwokota Meneja kwenye mfereji, kadogo, macho yamejaa tongotongo. Kalipopata nguvu kakapanda mezani, kakaketi juu ya kitambaa kinachokatwa, kakawa kanakodolea mkono wa fundi kama kanasubiri akosee. Ndipo kakapewa cheo. Mchana hakufanya lolote zaidi ya kusimamia. Usiku aliwamaliza panya, na panya ndio ugonjwa wa kila karakana ya nguo. Panya anaweza kutoboa jora zima akitafuta kitu ambacho hakimo.

Matata yalianza alipobalehe. Kwanza sauti ilinenepa. Kisha akawa anapotea siku mbili na kurudi na mikwaruzo usoni. Kisha, na hili ndilo lililotufikisha kwenye kikapu, akaanza kunyunyiza. Alikuwa anasimama, anainua mkia, anarudi nyuma taratibu kuelekea jora la kitambaa kama gari linaloegeshwa, mkia unatetemeka, halafu basi. Harufu ile ukiivuta mara moja unaisikia mpaka kwenye meno.

Na mwezi huohuo mdogo wangu alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata: magauni meupe ya wanafunzi wa chuo cha uuguzi, chuo kizima. Matroni wa chuo, mwanamke mpana kama kabati la vyombo, alikuja kuona ya kwanza. Akainua gauni mpaka puani.

"Fundi," akasema, "haya umeyafulia wapi?"

Mdogo wangu akaeleza. Matroni akasikiliza, akalirudisha gauni mezani kwa vidole viwili.

"Nitakuja kuchukua yote kwa pamoja. Nikisikia harufu hii hata kwenye kifungo, kazi inavuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na fundi mwingine, mwanamume wa maneno mengi, aliyekuwa akiwaambia wateja kwamba mdogo wangu anashona kama mtu anayefunga mbuzi. Kazi ile ingevuka, na wateja wengine wangeifuata, maana matroni alikuwa na mdomo wa kipaza sauti. Mdogo wangu akalala akiliwaza jambo hilo, akaamka na kauli moja: Meneja ahasiwe, na asipoacha, atafutiwe pa kwenda. Matroni naye akatumiwa habari hiyo.

Aliyepinga ni shemeji yangu, mumewe. Yeye tulimwita Refa, kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake maisha yote, kuchezesha mpira wa viwanja vya vumbi, mpaka magoti yalipomgomea na chama kikaacha kumwita. Filimbi ya shingoni hakuivua. Asubuhi ile aliketi kizingitini, nami nimesimama juu yake na begi na kikapu.

"Shemeji," akaniambia, "ukimpeleka huyo, jambo hilo liko juu ya kichwa chako."

"Kichwa changu kina mengi. Litapata nafasi."

"Dume likishafanywa hivyo linabaki gunia. Hawindi, hachezi, hajitambui. Atasahau hata jina lake."

"Jina lake hajawahi kuliitikia," mdogo wangu alisema kutoka kwenye cherehani.

"Mama, unamwondolea uume wake."

"Uume gani huo wa kukojolea nguo za wauguzi?" Akasimamisha mashine, akanitazama mimi. "Ningejua kwamba ni kazi ya asubuhi moja tu, ningemshauri mama akupeleke wewe. Leo ungekuwa na nyumba yako na kuku."

Nikaondoka kabla mazungumzo hayajafika mbali.

Daktari wa mifugo alikuwa binti mwenye buti za mpira na mikono mifupi yenye haraka. Chumba kilinuka dawa. Ukutani kulikuwa na picha ya ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari, na kwenye benchi mtu alikuwa amempakata jogoo kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta Meneja."

"Meneja wa wapi?"

"Wa karakana ya nguo."

Akafungua kikapu, Meneja akamkwaruza, yeye akamshika shingo bila kukasirika na kumgeuza kama mtu anayetafuta bei. Nikaona nimuulize yale ambayo nyumbani wangeniuliza.

"Akishatoka hapa, atabaki yeye?"

"Atabaki nani mwingine?"

"Kuna shemeji yangu anasema atakuwa gunia."

"Mzee, tabia ya paka haikai huko," akasema, akionyesha huko kwa kidole. "Kinachokaa huko ni fujo. Kuzurura kutafuta majike, kupigana, kunyunyiza. Hizo ndizo zitakazopungua. Uchezaji wake, ukorofi wake, uvivu wake, kuwinda kwake, hivyo ni vyake, atarudi navyo nyumbani. Labda atatulia kidogo, atapenda kukaa na watu. Na atapenda kula, kwa hiyo msimlishe kama mgeni."

"Na kunyunyiza kunakoma leo?"

"Hapana, na hili uwaambie vizuri. Tunachokata leo ni kiwanda. Mzigo ulioko mwilini unakwisha polepole, wiki kadhaa. Umefanya vizuri kumleta mapema, kabla haijawa mazoea. Wanaoletwa wakubwa, wengine hawaachi kabisa."

"Kwa hiyo siyo huko kunakomfanya awe dume hasa?"

Akanitazama kuanzia kofia mpaka buti. "Mzee, mbona unauliza kwa uchungu hivyo? Meza yangu ni fupi, wewe hutoshi."

Yule wa jogoo akacheka mpaka jogoo akawika.

Kumbe mgonjwa haletwi na kuachwa. Mtu lazima amchukue alasiri. Lori la vitunguu likaondoka bila mimi. Nikajiambia kesho kuna la viazi.

Meneja alirudi nyumbani amelewa dawa. Alishuka kikapuni, akaenda upande, akajaribu kurekebisha, akaenda upande mwingine, akaishia kichwa ndani ya kiatu changu. Refa alisimama kumpokea, mikono nyuma.

"Mwone. Hata mstari hawezi kuufuata."

"Na wewe ulipopasuliwa goti ulitembea hivyohivyo," mdogo wangu alimwambia, "na ukamwita nesi mama."

Akamshonea Meneja kola ya shingoni ili asilambe kidonda. Alitumia kile kitambaa kigumu kinachotiwa ndani ya kola za mashati, akazungushia pindo la bluu, kwa sababu hakuweza kutoa kitu kisicho na pindo. Meneja akaonekana kama mtu aliyealikwa mahali.

Niliwaeleza yote aliyosema daktari. Hakuna aliyeyashika. Ubaya wangu ni kwamba nimesimulia mengi. Kweli yangu nikiisema inakwenda kukaa pamoja na ile habari ya mamba aliyepanda lori, na watu hawajui kuzitenganisha. Mdogo wangu alisikia la kwamba atakula sana, akapunguza chakula. Refa hakusikia lolote. Yeye alianza kumchunguza Meneja kama mtu anayengoja msiba. Meneja akilala: "Kakata tamaa." Akila: "Anakula kwa uchungu." Akifukuza bobini ya cherehani chini ya meza na kuvuruga nyuzi zote: "Karudi utotoni, masikini." Siku moja alimng'ata Refa kisigino na kukimbia, jambo alilokuwa akilifanya tangu siku ya kwanza. Refa akatazama kisigino.

"Hiyo ni hasira," akasema. "Siyo ujasiri."

Mimi nilikosa lori la viazi, kwa sababu nilitaka kuona kidonda kikipona. Nikakosa la saruji, kwa sababu dereva wake ni mtu wa kuimba. Wiki zikapita. Meneja akavuliwa kola, akaacha kulala nje. Alikuwa anapanda mapajani kwa mdogo wangu wakati wa kushona, jambo ambalo hakulifanya kabla, na anaunguruma kwa mpigo mmoja na cherehani. Kunyunyiza kulipungua, kisha kukakoma. Magauni yakaongezeka kwenye waya, meupe, yamefunikwa plastiki, na mdogo wangu akaanza kuimba vipande vya nyimbo asizozijua mwisho.

Halafu harufu ikarudi.

Ilianza jioni moja, kwenye jora lililosimama pembeni. Kesho yake magauni mawili. Kesho kutwa matatu, na plastiki imetobolewa. Matroni alikuwa ametuma salamu kwamba anakuja mwisho wa wiki hiyo.

Nilimkuta mdogo wangu ameketi na gauni mapajani, mkasi umelala chini. Sijawahi kumwogopa akipiga kelele. Sasa hakuinua hata sauti.

"Kaka," akasema, "ukiondoka safari hii, ondoka naye. Mshushe popote penye panya. Mimi nimefanya kila kitu."

Meneja alikuwa juu ya meza anamtazama, kama kawaida yake, akisubiri akosee.

"Daktari alisema wengine wanaendelea kidogo," nikajaribu.

"Hiki ni kidogo?" Akanisogezea gauni puani. Nikarudi nyuma hatua nzima.

Refa alikuwa mlangoni. "Mpe muda, mama," akasema, lakini kwa sauti ya mtu aliyeona faulo na kumeza filimbi, kisha akatoka haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu. Mdogo wangu akamsindikiza kwa macho. Halafu akatazama dirisha, halafu waya wa magauni, na nikaona kichwa chake kinaanza kupima.

Siku ya pili baada ya chakula cha mchana alinisukumia chumbani pamoja na Meneja na kutufungia. "Kaeni humo. Mnafanana." Akasaga chaki za kuchorea nguo, akaunyunyiza unga wake sakafuni kuanzia dirishani mpaka chini ya magauni. Alifanya hivyo nikimwona kwa tundu la kitasa. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba anakwenda kununua zipu na atakawia. Refa akamjibu kutoka uani kwamba asiwe na haraka.

Meneja alilala juu ya begi langu. Mimi nikabaki na tundu la kitasa, lakini mdogo wangu alipotoka aliuchomeka ufunguo upande wa pili, na sasa niliona giza tu. Nilisikia hata hivyo. Nilisikia malapa ya Refa yakiingia karakana. Nikasikia dirisha likifunguliwa. Nikasikia karatasi ya kufungia nyama ikichakarika.

"Ingia, kocha," Refa alinong'ona. "Ingia, ini lako hili. Kijana wako yuko wapi leo? Meneja. Ksss. Njoo uone mtu mzima anavyotembea."

Kitu kizito kiliruka sakafuni. Nikamjua kwa kishindo tu: paka wa bucha, dume la sikio moja lililoitwa Jambazi, ambaye hata mbwa wa mtaa wanampisha. Halafu nikasikia plastiki ikinyunyiziwa, kwa urefu, bila aibu.

"Aa, siyo hapo, kocha," Refa akasema. "Siku zote nakwambia siyo hapo."

Mdogo wangu hakuwa amekwenda kununua zipu. Alikuwa nyuma ya pembe ya nyumba. Jambazi alipotoka naye akaingia, akatufungulia mlango, na bila kumsemesha mumewe akapiga magoti sakafuni na kuvua futi yake shingoni. Akaiweka kwenye alama ya mguu juu ya chaki.

"Meneja anavaa ndogo," akasema. "Huyu ni saizi kubwa, mpana wa mbele, na kidole kimoja kimepinda." Akasogea. "Na hili ni lapa. La kushoto. Limelika kisigino upande wa nje. Mguu huu nimelala nao kitanda kimoja tangu nikiwa msichana, sihitaji futi."

Refa alitazama malapa yake. Yalikuwa meupe mpaka juu.

"Nilitaka asisahau," akasema mwishowe.

"Asisahau nini?"

"Kuwa yeye. Nikaona akikaa na dume mwenzake kila siku kidogo, atashika mwendo. Nilikuwa naye palepale, mama, nikiwasimamia. Wakati mwingine ndio napitiwa na usingizi."

"Na Meneja alikuwa anajifunza?"

Refa akafikiri. Mtu yule hakuweza kusema uongo kuhusu kitu alichokiona kwa macho yake uwanjani. "Hapana. Anapanda rafu ya juu anamtazama. Halafu naye analala."

Nilitaka kucheka, lakini mdogo wangu hakucheka, nikajifanya nakohoa.

"Walipoacha kuniita," Refa akaendelea, akiishika ile filimbi, "niliamka asubuhi nikawa sijui mikono niiweke wapi. Watu wakanisalimia kama wanamsalimia kiti. Nikaona na huyu kijana sasa wanamfanyia hivyohivyo."

Mdogo wangu alisimama, akakung'uta chaki magotini.

"Wewe ulikatwa goti. Yeye kakatwa vingine. Mtazame, halafu uniambie nani kati yenu anayelia."

Meneja alikuwa ameshatoka chumbani. Alinusa mahali pa Jambazi, akakunja pua, akapanda mezani, akakaa juu ya futi.

"Haya," mdogo wangu akasema. "Uniletee sabuni na siki. Yote unayafua wewe, na unayapiga pasi wewe, kabla matroni hajafika. Dirisha hilo nikilikuta wazi, wewe na kocha wako mtahamia bucha."

Akafua. Nilimsaidia kusuuza na kukamua, yeye akatia siki na kuanika. Ilipofika kwenye pasi tukapigwa na butwaa. Mtu aliyepiga pasi kaptula yake nyeusi kabla ya kila mechi kwa miaka yote ile, ili wachezaji wasimdharau, alikuwa na mkono ambao hatukuwahi kuufikiria. Mikunjo ilinyooka kama mstari wa kati. Kola zilisimama. Mdogo wangu alipita nyuma yake mara mbili, na mara ya tatu akamletea maji ya kunywa.

Matroni alifika. Akachukua gauni la kwanza, akalipeleka puani, akafumba macho. Akachukua la kati. Akachagua lingine chini kabisa ya rundo, kama mtu anayenunua samaki. Mdogo wangu alishika ukingo wa meza. Refa alikuwa ameuma filimbi bila kupuliza.

Wakati huo Meneja alitoka nyuma ya jora na panya mdomoni, mkubwa, mkia unaburuzika. Akavuka karakana taratibu na kumweka juu ya kiatu cha matroni. Akaketi, akamkodolea.

Matroni alitazama chini bila kusogeza mguu.

"Huyu ndiye mliyesema mtamhasi?"

"Ameshahasiwa," mdogo wangu akasema.

"Mbona kazi anafanya?"

Refa akatoa filimbi mdomoni. "Tabia haikai huko, matroni," akasema, kwa uhakika kabisa, kana kwamba ni yeye aliyesomea.

"Baba, mimi nimefanya kazi wodi ya wanaume," matroni akamjibu. "Hilo ninalijua." Akamsukuma panya kwa ncha ya kiatu. "Nifungieni magauni yangu."

Yaliyotupata baadaye ni haya. Magauni yalichukuliwa yote, na mwaka uliofuata chuo kikarudi kwa mdogo wangu. Bado anashona katika chumba kilekile. Fundi wa ng'ambo ya barabara alihamia mtaa mwingine na anauza magodoro. Refa anapiga pasi nguo za karakana kila alasiri. Filimbi iko kwenye msumari karibu na mkasi. Jambazi alipelekwa kwa daktari na Refa mwenyewe, kwa kikapu kilekile. Alikuwa mtu mzima, hivyo bado ananyunyiza mlango wa bucha mara mojamoja, ila hapigani tena. Daktari amepata msaidizi. Matroni alistaafu. Meneja alinenepa, akapunguziwa chakula mara ya pili, hajanyunyiza tena, na bado anang'ata visigino. Mimi niliondoka na lori jingine la viazi. Nyumba ya wageni ilikuwa imeshapata mlinzi. Nilipata kazi nyingine mji unaofuata, nikaiacha.